Kanga Juu ya Kompyuta

Bi Tunu, mkuu wa ofisi, alimtaka fundi wake Kombo amwashie, kwenye kompyuta yake ya mezani, huduma ya kuonyesha kompyuta zote zinazowaka kwenye mtandao wa ofisi. Kombo alifungua mipangilio, akaiwasha, akasubiri.

Kompyuta za ofisi zikaanza kujitokeza kwenye kioo, kila moja na taa yake ya kijani. Ya masjala. Ya uhasibu. Kisha ya Mwanakheri, mkewe Kombo.

Kombo aliachia kipanya. Siku walipomzika mkewe, yeye mwenyewe ndiye aliyekuja kuifunika kompyuta ile kwa kanga ya marehemu, kama ilivyo desturi ya pale, isiguswe mpaka arobaini. Kuifunika aliifunika. Kuizima hakukumbuka.

"Na hii ya nani?" Bi Tunu aliuliza, ameinama nyuma ya bega lake. Kisha akalisoma jina. "Maskini! Pole, baba. Lakini mashine inayowaka chini ya nguo itatuunguzia ofisi. Nenda kaizime."

"Nikaizime mimi?"

"Sasa nani mwingine, Kombo? Wewe ndiye mwenyewe."

Akaenda. Feni ilikuwa ikivuma ndani kwa ndani, na pindo la kanga lilikuwa likiinuka na kushuka, likiinuka na kushuka. Akapenyeza mkono chini ya nguo. Palikuwa na joto, kama kitanda ambacho mtu ameamka sasa hivi. Kidole chake kikakipata kitufe, kikatulia hapo.

"Bado inawaka!" Bi Tunu aliita kutoka mezani kwake.