Geti la Buluu

Fundi Kombo alimaliza kukwangua kutu ya geti, akaweka makopo mawili mbele ya Bi Zuwena.

"Hii inayozuia kutu ipo nyeusi tu, mama, lakini itakaa miaka. Ya buluu itapauka mwakani."

"Paka buluu."

"Mama, utaniita tena."

"Nitakuita. Mume wangu siku hizi anasahau, mwanangu. Hata jina langu limeshamtoka. Akipotea, huwauliza watu geti la buluu liko wapi, nao humleta."

Fundi akapaka buluu.

Adhuhuri mzee alirudi kutoka msikitini peke yake. Alilitazama geti, akatabasamu, akaweka kiganja kwenye rangi mbichi.

"Nimefika," alisema.

Bi Zuwena akamfuta mkono kwa kanga yake. Fundi aliinua brashi kuifunika alama ya kiganja, akasita, kisha akaanza kupaka kuizunguka.