Penalti ya Khampheng

"Ipaishe," kocha alimnong'oneza Khampheng kando ya uwanja. "Tukitoka sare tunakuwa wa pili kwenye kundi, nusu fainali tunawakwepa wenyeji. Umenielewa, mwanangu?"

Nyuzi nyeupe zilijaa kwenye kifundo cha mkono wa Khampheng. Siku ya kuondoka, kila jirani alimfungia wake, akimwombea ushindi. Hakuna aliyemwombea sare.

"Nimekuelewa, mwalimu," alijibu, meno ameyauma.

Akauweka mpira kwenye alama. Mikono ilikuwa ikimtetemeka.

"Unaogopa, dogo?" kipa wa wapinzani akamcheka. "Nikuitie mama?"

"Hii ni hasira," Khampheng akasema. Akarudi nyuma, macho hayabanduki kwa kocha. "Wewe ruka kulia au kushoto, utakavyo. Ila usibaki katikati. Utaumia."

Filimbi ikalia.