Jina la Kumrudishia

Tangu mahakama zianze kuhukumu kwa mila, aliyeua hafungwi jela. Anapewa wafiwa, akae mahali pa marehemu wao.

Mimi nilipewa Mwakio, kijana aliyemgonga mwanangu Mwadime kwa gari akiwa amelewa. Hakimu alimvika jina la Mwadime, na daktari wa mahakama akampandikiza nyuma ya sikio kidude chenye kumbukumbu za mwanangu, zifunike zake polepole.

Mwanzoni nilimchukia, hata salamu yake sikuitikia. Kisha siku moja nikamkuta jikoni amesimama, anakwangua ukoko wa wali kwenye sufuria na kuula, vile vile kama Mwadime. Jioni hiyo niliitikia salamu yake.

Leo adhabu yake imeisha. Imebaki nimwite kwa jina lake la kuzaliwa, kidude kizimike, aende kwao. Mama yake yuko getini tangu asubuhi, ameshika shati jipya, analia.

Kijana akachungulia dirishani.

"Mama, yule mama anayelia ni nani?"

Jina lilinifika mdomoni.

"Simjui, Mwadime. Kula, mwanangu, chakula kinapoa."

Akarudi mezani. Alikula huku machozi yanamtiririka, akiyafuta na kushangaa yanatoka wapi.