Rimu za Marehemu

Siku hizo sheria ilitaka kila tairi liwe na kihisi cha kumjulisha mke wa mwenye gari upepo, uzito na mahali lilipo. Kandoro akafunga rimu za mtumba makusudi, zenye vihisi vya watu wengine, akapumua. Hakufika mbali, simu ikaita.

“Baba Shukuru, tairi la mbele kushoto limelemewa. Umempakia nani?”

“Dada, mimi siye Baba Shukuru.”

“Najua. Yeye tulimzika mwaka jana, fundi kanipa namba yako. Umempakia nani?”

“Viazi.”

Jioni mkewe alimpokea mlangoni, simu sikioni.

“Ameshafika, dada,” alisema, kisha akamgeukia. “Mwenzangu anauliza, viazi gani vinakaa kiti cha mbele, vinashuka vyenyewe gesti, halafu vinapanda tena?”