Kimya cha Mwali

Jino la mbele la Anab lilizikwa nyuma ya nyumba, karibu na tangi la maji, na aliyelizika ni yeye mwenyewe. Billow, mumewe, alikuwa amelitoa kwa ngumi, kisa chai imepoa. Anab alisukutua mdomo, akachemsha chai nyingine, akaitia sukari nyingi kama mumewe anavyopenda.

Hiyo ni miaka tisa sasa. Tangu siku ile alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio, hata alipokula, na hakuna mtu Modogashe aliyeyaona tena meno yake.

Watu walimsifu. Watu wa Modogashe wanaipenda sana subira, hasa ikiwa ya mtu mwingine. Katika darsa ya wanawake Sheikh Shuaib alimsema bila kumtaja jina: "Yuko dada hapa mjini, anapigwa na hasemi. Wallahi huyo ataingia peponi kwa mlango autakao." Wanawake wakageuka wote kumtazama Anab, naye akatazama mkeka.

Mara moja tu aliuliza. Alimngoja Sheikh nje ya msikiti, akasema kwa sauti ndogo, "Sheikh, mimi nikisubiri, thawabu ni zangu. Nikimsubirisha mtoto wangu, thawabu ni za nani?"

Sheikh alikuwa mtu mwema, tena mwenye haraka. "Subira ni subira, walaal, dada yangu. Rudi kwa mumeo."

Akarudi.

Mtoto mwenyewe ni Ifrah, miaka kumi na sita, kidato cha pili. Billow alikuwa ameshamwahidi kwa Hirsi, mfanyabiashara wa ngamia mwenye ndevu za hina. Mke wa kwanza wa Hirsi alitembea kwa mkongojo, na kwa adabu hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini.

Siku moja kabla ya harusi, alasiri, mama yake alipokuwa akimpaka hina, Ifrah alimwangukia miguuni. "Hooyo, sema kitu! Leo tu, mwambie Aabo hapana. Ama nipeleke kwa Abti Khalif."

Khalif, kaka yake Anab, alikuwa mwalimu Isiolo. Billow alimpiga marufuku nyumbani kwake siku ile ile alipouliza habari za jino.

Anab hakuacha kumpaka hina. "Subiri, mwanangu," alisema. "Nyoosha mkono."

Ifrah alimchukia. Alimchukia kuliko baba yake, maana kwa baba hakuwahi kutegemea kitu. Mama alipomaliza mikono ya binti alijipaka na yeye, ua kwa ua, mpaka kwenye viwiko. Jirani yao Shamso akachungulia, akacheka. "Mashallah! Mama naye anaolewa?"

Asubuhi ya harusi lori la maziwa ya ngamia liliondoka kwenda Isiolo kama kila siku. Mitungi ilijaa nyuma, na wanawake wa maziwa walikaa juu yake wamejifunga nikabu kwa ajili ya vumbi. Anab alisimama langoni hadi ngurumo ikapotea. Kisha akaingia chumba cha mwali, akarudishia mlango.

Wageni walifika kabla ya adhuhuri, wakanung'unika kwamba chai ni ya rangi.

"Maziwa yote yamekwenda na lori," Shamso aliwaambia. "Na saa hizi limeshapita Kula Mawe."

Waliomuulizia Anab kwa wanaume waliambiwa yuko jikoni. Jikoni walisema yuko na mwali. Billow hakuhangaika. Mke wake hakuwa mtu wa kutafutwa.

Ilipofika saa ya nikahi Sheikh Shuaib alisita kidogo. Chifu alikuwa ameanza kuuliza maswali juu ya wasichana wa shule. "Lazima binti aulizwe," alisema. "Asije mtu akasema amelazimishwa."

"Muulize tu," Billow alimjibu. "Amelelewa na Anab huyo. Hatakusumbua."

Sheikh alikwenda na mashahidi wawili, wakasimama mlangoni kwa heshima. Dirisha la chumba lilikuwa limefungwa. Mwali ameketi juu ya mkeka, shela jekundu limemfunika mpaka kiunoni, mikono yenye hina imelala mapajani.

"Ifrah binti Billow, umeridhia kuolewa na Hirsi?"

Kimya. Sheikh akauliza mara ya pili. Mikono ilishikana. Akauliza mara ya tatu, akangoja kwa muda wa kutosha hata chifu mwenyewe angeridhika.

"Kimya cha bikira ndiyo idhini yake," aliwaambia mashahidi, nao wakaitikia kwa kichwa.

Uani Billow alimpa Hirsi mkono, Hirsi akasema amekubali, dua ikasomwa. Vigelegele vikapaa. Wanawake waliacha masufuria wakakimbilia mlango wa chumba, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kumwona mwali.

Billow aliwapangua, akamwingiza mkwewe ndani. "Chukua amana yako," alisema, amefurahi kama mtu aliyeuza ngamia mgonjwa. "Huyu hana mdomo. Amemfuata mama yake."

Hirsi aliinama, akashika pindo la shela, akalifunua. Mwali aliinua uso, akatabasamu kwa mapana bila kujifunika mdomo, na wote waliojazana mlangoni wakaliona pengo la jino la mbele.