Mtaro Shambani kwa Georgette

Georgette alisimama katikati ya mihogo yake, tope likimfika vifundoni. Watu wa vijiji viwili walimngoja, majembe mabegani.

Kwa miaka mingi mabaraza ya vijiji hivyo hayakuelewana. Kila kijiji kilimsukumia jirani maji ya mvua, mpaka barabara ikazama, na mke wa mwana wa Georgette akafa kwa uchungu wa uzazi kwenye machela, hospitali ya Nundu ikiwa ng'ambo ya maji. Baada ya mazishi, mabaraza yalikaa pamoja yakakubaliana kuchimba mtaro mmoja hadi ziwani. Mteremko ulipita hapa tu, shambani kwa Georgette.

"Mama," alisema shefu, mkuu wa kijiji cha juu, macho chini, "hatutachimba kama haujasema."

 Georgette aliinama, akashika shina la muhogo kwa mikono miwili, akalivuta. Mizizi ilitoka na tope, bado myembamba kama vidole.

"Muchimbe sana," alisema. "Mutoto ya muntu asikufe tena mu njia."

Shefu aliweka jembe chini. Akainama kando yake, akashika shina lililofuata.