Ini la Kuazima

Siku hizi jiko halikubali kukaanga mpaka lipime ini la aliyesimama mbele yake. Ini la mume wangu Shebe limejaa mafuta, na mimi mirija yangu ya nyongo imebana, basi sisi tunaruhusiwa vya kuchemsha tu. Ndiyo maana mtaa mzima tunamwazima jirani yetu Bwana Mbarouk, mwenye ini safi kama la mtoto. Akisimama yeye, jiko linawaka, sambusa zinaiva. Naye ni mgeni, na mgeni haondoki bila kula, nyumba yoyote ile.

Leo kaingia akicheka, kasimama mahali pake. Jiko likakataa.

“Labda limeharibika, shemeji,” akasema.

“Labda,” nikamjibu, nikarudisha mafuta kabatini, nikateleka mchicha wa watu watatu.